Babekyu ya gesi Lubumbashi: bei ya jiko ni mwanzo wa hesabu

Asubuhi na mapema, kwenye barabara zinazoingia Lubumbashi kutoka Kasenga, Likasi, Kipushi na Kasumbalesa, wanaume husukuma baiskeli zilizobeba magunia ya makala. Midomo ya magunia huzibwa kwa majani na kufumwa kwa kamba, ili makala yaliyorundikwa juu ya ukingo yasimwagike njiani. Mji unapika kwa mzigo huo. Bukari, yaani ugali, husongwa juu ya makala, sombe, mboga ya majani ya muhogo, hutokota juu ya makala, na jioni ikifika, moshi wa michopo, nyama choma ya mbuzi, unaotanda mitaa ya Kamalondo, Kenya na Katuba unatoka kwenye makala yale yale.

Sasa wapo wanaotafuta njia nyingine ya kuchoma nyama nyumbani. Babekyu za gesi zinauzwa madukani, na nyingine huletwa na wafanyabiashara wanaovuka mpaka kwenda Ndola, Lusaka na hata Johannesburg. Ni masanduku ya chuma yenye vichomeo viwili, vitatu au vinne, wavu juu yake, mfuniko, magurudumu mawili na mpira unaokwenda kwenye mtungi. Mnunuzi huuliza bei, akabembeleza apunguziwe, akalipa. Mara nyingi kosa huanzia hapo, kwa sababu bei ya jiko ni sehemu tu ya gharama. Jiko nafuu kwa mkazi wa Lubumbashi ni lile ambalo gesi yake inapatikana mjini, mpira wake unauzwa mjini, na fundi wa mtaa anaweza kulifungua na kulifunga tena. Lisilo na sifa hizo, hata likiuzwa nusu bei, litakaa barazani likishika vumbi.

Wengine watauliza kwa nini wasichome kwa umeme. Katanga hupokea umeme wa mabwawa ya Inga kupitia laini ya kilomita zipatazo 1,700 inayofika Kolwezi, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Eneo hilo lina mabwawa yake pia, kama Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kazi mwaka 1930. Lakini migodi ya shaba na kobalti hula sehemu kubwa ya umeme huo, na mitaa hubaki ikisubiri zamu yake. Karibu kila nyumba yenye jiko la umeme Lubumbashi ina mbabula, jiko la makala, pembeni, tayari kuwashwa delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikianza.

Makala nayo yana bei ambayo haionekani sokoni. Yanatoka kwenye miombo, misitu inayouzunguka mji. Mchomaji hukata miti, akaipanga, akaifunika kwa udongo na kuiacha iungue polepole kwa siku nyingi. Katika matanuru hayo ya udongo, kilo moja ya makala hugharimu kilo 5 hadi 10 za kuni. Nguvu nyingine yote ya mti hupotea kama moshi na joto huko huko porini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo mtaalamu wa mimea François Malaisse aliyeichunguza miombo kwa miongo mingi, walianza zamani kueleza jinsi mji unavyoukata msitu wake mwenyewe na kulazimika kufuata miti mbali zaidi kila mwaka. Mkazi yeyote mwenye umri wa miaka hamsini anaweza kusema ni wapi msitu ulianzia alipokuwa mtoto na ni wapi unaanzia leo.

Haifai kumdanganya msomaji kwamba jiko moja la nyama choma la gesi litaokoa miombo. Nyama huchomwa Jumapili na siku za sherehe. Bukari hupikwa kila siku. Ndiyo maana, kama itakavyoelezwa hapa chini, jiko bora kwa familia ya Lubumbashi ni lile linaloweza kubeba sufuria pia.

Kwanza, gesi yenyewe. Kongo imekuwa ikichimba mafuta ya baharini huko Muanda tangu mwaka 1975, na gesi nyingi inayotoka pamoja na mafuta hayo imechomwa hewani. Inauma kulifikiria hilo, kwa sababu gesi ya kupikia inayotumika Lubumbashi huletwa kwa malori kutoka nje ya nchi. Upande wa pili wa mpaka, mjini Ndola, kiwanda cha Indeni kilikuwa kikisafisha mafuta ghafi tangu mwaka 1973, kikaacha kazi hiyo mwaka 2021. Kwa hiyo mtungi unaofika mkoa wa Haut-Katanga umetoka mbali, na karibu daima umepita mpaka wa Kasumbalesa.

Anayenunua jiko la gesi bila kuifikiria Kasumbalesa hajapiga hesabu. Agosti 2024, Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo kwa siku chache, Kasumbalesa ikiwemo, katika mzozo ulioanza baada ya Kongo kuzuia uingizaji wa bia na vinywaji baridi. Siku kama hizo, kila kinachokuja kwa lori hupanda bei au huadimika, gesi ikiwemo. Kwa mpishi wa nyumbani maana yake ni moja: mitungi miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa. Mmoja unatumika, wa pili umejaa na unasubiri. Ukiisha wa kwanza, familia ina wiki kadhaa za kutafuta gesi bila papara.

Hapo ndipo ushauri wa kwanza unapotokea, nao unageuza mpangilio ambao watu wengi wameuzoea: chagua muuzaji wa gesi kabla ya kuchagua jiko. Nenda ukamwone anayejaza mitungi karibu nawe, uliza ana mitungi ya kilo ngapi, na uangalie kichwa cha mtungi kimeundwaje. Vichwa havifanani. Mitungi inayotoka kusini, Zambia na Afrika Kusini, kwa kawaida hufungwa kwa nyuzi. Mingi ya Tanzania na Kenya ina valvu ambayo regyuleta hubanwa juu yake kwa kubofya. Mitungi ya mtindo wa Kifaransa ina nyuzi zake. Regyuleta, ambayo mafundi wengi wa Lubumbashi huiita detandere, lazima ilingane na kichwa cha mtungi upande mmoja na mpira wa jiko upande wa pili. Mtu amenunua jiko zuri, amelifikisha nyumbani, kisha akagundua kwamba regyuleta iliyokuja nalo haishiki mtungi wowote unaojazwa mjini. Hapo huanza kutafuta adapta, na adapta ya kubahatisha kwenye gesi ni hatari. Ikumbukwe pia kwamba nyuzi nyingi za mitungi ya gesi hukazwa kinyume cha kawaida, kwa kuzungusha kushoto. Anayekaza kulia kwa nguvu huziharibu.

Jambo la pili ni shinikizo. Majiko mengi ya nyumbani yameundwa kwa gesi inayotoka kwenye regyuleta kwa shinikizo la milibari 28 hadi 30. Mengine ya Ulaya, yanayotumia propani, hudai milibari 37. Namba hiyo huandikwa kwenye kibandiko kilichogandishwa pembeni au mgongoni mwa jiko, na huandikwa pia kwenye regyuleta. Zilinganishwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Kuna pia majiko ya mitumba kutoka Ulaya na Marekani yaliyotengenezwa kwa gesi asilia ya mabomba. Nozeli zake, vile vitundu vidogo vinavyopitisha gesi, ni vikubwa kuliko vinavyohitajika kwa gesi ya mtungi. Ukiliunganisha jiko la namna hiyo na mtungi, moto hutoka mrefu, wa manjano, usiotawalika. Likipatikana bure lisichukuliwe, isipokuwa kama fundi anayejua ana nozeli sahihi za kubadilisha.

Sasa jiko lenyewe. Wauzaji hupenda kuhesabu vichomeo: hili lina vinne, lile lina sita, na mnunuzi huona vingi ni bora. Kwa nyumba yenye watu sita hadi wanane, vichomeo viwili vinatosha, na kwa mfuko wa kawaida viwili ndivyo vinavyofaa. Wavu wa sentimita 45 kwa 40 unabeba kuku wawili waliopasuliwa na kulazwa bapa. Lakini visipungue viwili. Jiko la kichomeo kimoja humnyima mpishi kitu muhimu kuliko vyote katika kuchoma mbuzi: upande wenye moto na upande usio na moto. Bega la mbuzi mzee linataka kubabuliwa kwanza, kisha kusogezwa upande uliozimwa, mfuniko ukafungwa, joto likalizunguka polepole hadi nyama iachane na mfupa. Ukilichoma juu ya moto mmoja mkali tangu mwanzo hadi mwisho, nje litakuwa jeusi na ndani gumu.

Hesabu ya gesi si ngumu, na kila mnunuzi anaweza kuifanya akiwa amesimama dukani. Kilo moja ya gesi ya mtungi hutoa takriban kilowati-saa 13 za joto. Jiko la vichomeo viwili lenye nguvu ya kilowati 6 kwa jumla, likiwashwa hadi mwisho, hula karibu nusu kilo kwa saa. Lenye vichomeo vinne na kilowati 12 hula karibu kilo nzima. Mtungi wa kilo 6 hivyo huenda saa 12 na zaidi kwenye jiko la kwanza, na saa 6 hivi kwenye la pili. Makasha ya majiko yanayotoka Marekani huandika nguvu kwa BTU. Gawanya namba hiyo kwa 3,400 upate kilowati. Jiko la BTU 20,000 ni kama kilowati 6.

Lakini hakuna anayechoma nyama kwa moto wa mwisho muda wote. Chukua Jumapili ya kawaida: dakika 10 za kulipasha jiko moto kwa nguvu zote, kisha dakika 50 za moto wa nusu. Jiko la kilowati 6 litakuwa limekula takriban gramu 300. Mtungi wa kilo 6 unatosha Jumapili 20. Tuseme, kwa mfano tu, kilo ya gesi inauzwa dola 3: nyama ya Jumapili moja imegharimu chini ya dola moja ya gesi. Weka bei halisi ya muuzaji wako mahali pa ile dola 3, linganisha na makala unayonunua kwa shughuli kama hiyo, na uamuzi utakuwa wako, si wa muuzaji.

Mradi kilo zenyewe ziwe kamili. Kila mtungi una uzito wake mtupu, uliogongwa kwa namba kwenye shingo au kwenye mkono wa juu. Mtungi ukipimwa baada ya kujazwa, ondoa uzito huo, na kinachobaki ndicho gesi uliyolipia. Mizani ipo kwa wauza unga, wauza samaki na wauza mahindi. Muuza gesi anayekataa kupima mbele ya mteja aachwe. Wala mtungi usijazwe pomoni. Gesi ya maji maji hupanuka ikipata joto, na ndiyo sababu mtungi huachiwa nafasi ya karibu sehemu moja kati ya tano. Mteja anayemwomba mjazaji amwongezee kidogo anaomba hatari.

Lubumbashi ina mambo yake mawili ambayo vitabu vya maelekezo kutoka nje haviyataji. Mji uko juu, mita zipatazo 1,200 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya nane. Kichomeo kilichopangwa kiwandani kwa hewa ya chini huweza kukosa oksijeni ya kutosha: ncha za moto zinageuka manjano, masizi yanashika sufuria na nyama. Dawa yake ni kipande kidogo cha bati kinachozunguka kwenye shingo ya kichomeo, chenye tundu la kuingizia hewa. Kikifunguliwa zaidi kidogo, moto hurudi kuwa wa bluu. Kabla ya kununua, inama uangalie kama kipande hicho kipo na kama kinazunguka. Kwenye majiko ya bei ya chini kabisa hakipo.

La pili ni baridi. Juni na Julai, usiku wa Lubumbashi hushuka chini ya nyuzi 10. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, na hizo mbili hazina tabia moja. Propani hugeuka mvuke hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri; butani huacha kugeuka mvuke ikikaribia sifuri, na hata kwenye nyuzi 7 au 8 hutoka kwa unyonge. Mtungi wenye butani nyingi, ukitumika usiku wa Julai kwa moto mkubwa, hupoa zaidi wenyewe na moto hufifia ilhali ndani kuna gesi. Wengi hudhani wameibiwa na muuzaji. Pengine hawakuibiwa. Mtungi ukae mahali palipopigwa na jua la mchana, vichomeo viwashwe kwa kiasi, na kamwe usipashwe kwa maji yanayochemka wala kwa makala. Familia inayochoma nyama hasa msimu wa baridi imuulize mjazaji kama ana propani.

Halafu chuma. Muuzaji atasema, "Mama, hii ni inoksi kabisa." Sumaku ndogo, ile ya kufungia mlango wa kabati au ya spika iliyokufa, inasaidia kulipima neno hilo. Inoksi nzuri, yaani chuma kisichoshika kutu, inayotumiwa sana kwa vyombo vya chakula haivutwi na sumaku, au huvutwa kwa shida. Sumaku ikiganda kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichong'arishwa au inoksi ya daraja la chini. Si lazima jiko liachwe kwa sababu hiyo, lakini bei ishuke, na mnunuzi ajue kwamba kutu iko njiani. Lubumbashi hupata mvua ya takriban milimita 1,200 kwa mwaka, karibu yote kati ya Novemba na Aprili. Jiko la bati jembamba lililoachwa nje bila kufunikwa misimu miwili ya mvua huanza kutoboka kwanza kwenye trei ya mafuta, kisha kwenye vichomeo.

Kama pesa hazitoshi kununua jiko zito kila mahali, ziende kwenye sehemu mbili: vichomeo na wavu. Kichomeo ndicho kinachoungua kila siku. Kiguse, kibonyeze kwa kidole gumba, kisipinde. Kiwe kinafungwa kwa skrubu, si kwa kuchomelewa, ili siku kikifa kitolewe peke yake. Wavu wa chuma kizito cha kusubu hushika joto na kuacha michirizi mizuri kwenye nyama, ila unataka kupakwa mafuta kila baada ya kazi. Wavu mwembamba wa nondo zilizopakwa rangi ya fedha hupinda na kupoa mara nyama mbichi inapowekwa juu yake. Bahati nzuri ni kwamba mji wa migodi na karakana hauna uhaba wa mafundi wa kuchomelea. Wavu mzuri unaweza kutengenezwa hapa hapa kwa kipimo. Usiwe wa chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu.

Mfuniko, kiwashio cha kubofya, kipimajoto cha mbele, taa, kabati la chini: katika vyote hivyo, mfuniko pekee ndio wa lazima. Kiwashio kikifa, kiberiti kirefu kipo.

Sasa lile swali ambalo kila mpenda michopo huuliza: ladha je? Nyama ya gesi ina moshi kweli? Sehemu kubwa ya harufu ya nyama choma hutoka kwenye nyama yenyewe. Mafuta na maji yake hudondoka juu ya kitu cha moto, yakaungua, yakapanda tena kama moshi na kuishika. Makala yaliyokwisha kushika moto vizuri hutoa moshi mdogo. Kwenye jiko la gesi, kazi ya kupokea matone hufanywa na vibati vilivyoinama juu ya vichomeo, au mawe ya volkano kwenye miundo ya zamani. Jiko lisilo na vibati hivyo huacha mafuta yaangukie kichomeo, yakaziba vitundu na kuwasha moto mkubwa usiotakiwa. Basi vibati viwepo, viwe vinene, na vifunike kichomeo chote. Anayetaka moshi zaidi aweke vipande vya mti wa mpera au mwembe ndani ya kopo lenye matundu, alisogeze kopo juu ya kichomeo kimoja na kufunga mfuniko. Samaki wa Kasenga aliyechomwa hivyo, akapakwa chumvi, ndimu na pilipili, hana anachomwonea wivu wa kwenye makala. Kwa kuku, kipimajoto kidogo cha kuchoma nyama kikifika nyuzi 74 katikati ya paja, ameiva. Ngozi nyeusi peke yake si ushahidi.

Tukirudi kwenye bukari: majiko mengi yana kichomeo cha pembeni, kile cha kubandika sufuria, na wanunuzi wengi hukiona kama pambo. Kwa nyumba ya Lubumbashi hicho ndicho kinacholipa jiko zima. Kijaribu kwa kuweka sufuria ya familia, si kisufuria cha chai. Kusonga bukari kunataka nguvu. Jiko linaloyumba kwenye magurudumu yake mwiko ukizungushwa litamwagia mtu uji wa moto. Kama kichomeo cha pembeni ni dhaifu, afadhali kununua jiko dogo la nyama bila hicho, na pembeni yake kichomeo kinachofungwa moja kwa moja juu ya mtungi wa kilo 6. Kifaa hicho kimeenea sana Tanzania, ambako serikali imeamua kulisukuma suala hili kwa nguvu: mkakati wake wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034 unataka asilimia 80 ya wananchi wawe wameifikia ifikapo mwisho wake, na wakala wa nishati vijijini, REA, umekuwa ukisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Kwa upande wa Kongo, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, wanaopikia nishati safi hawafiki watu 5 kati ya 100. Kinachokosekana si hamu ya akina mama kuachana na moshi. Ni mtungi, ni bei, ni barabara.

Na usalama, bila kuuficha nyuma ya maneno laini. Usiku wa Februari 1, 2024, katika mtaa wa Mradi, Embakasi, jijini Nairobi, mlipuko kwenye kituo cha kujazia gesi kilichoendeshwa bila kibali uliua watu, ukajeruhi zaidi ya 200 na kuteketeza nyumba za majirani. Waliokuwa wamelala kwenye nyumba hizo hawakuwa wateja wala wauzaji. Anayenunua gesi kwenye uchochoro kwa sababu ni rahisi kidogo anawalipia majirani zake hatari.

Nyumbani, gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu. Hutambaa sakafuni, ikajikusanya kwenye shimo, kwenye mfereji, chini ya kitanda. Kwa hiyo babekyu ikae nje, mbali na dirisha na mlango, na mtungi usimame wima, usilazwe kamwe. Wakati wa mvua wako wanaolivuta jiko hadi barazani palipozungukwa na kuta tatu; wasifanye hivyo. Moto wa gesi usiopata hewa hutoa ile hewa ya sumu isiyo na harufu, kama ile ya mbabula iliyoingizwa chumbani usiku wa baridi, na Lubumbashi inajua misiba inayoletwa na mbabula.

Kila mtungi unapobadilishwa, chukua sabuni na maji kwenye kikombe, koroga hadi povu, paka kwenye kichwa cha mtungi, kwenye regyuleta na kwenye ncha zote mbili za mpira. Fungua gesi bila kuwasha moto. Povu likivimba, kuna uvujaji: funga, kaza, jaribu tena. Isijaribiwe kwa kiberiti. Na wakati wa kuwasha jiko, mfuniko uwe wazi. Gesi iliyojikusanya chini ya mfuniko uliofungwa hulipuka usoni mwa anayeinama kutazama kwa nini jiko haliwaki. Lisipowaka mara ya kwanza, funga gesi, hesabu dakika tano, ndipo ujaribu tena.

Kwa mitumba, ambayo kwa wengi ndiyo njia pekee ya kupata jiko la maana, mpira utupwe siku ile ile hata ukionekana mzima. Mpira wa gesi huzeeka. Ukiukunja na kuona nyufa ndogo kama ngozi kavu, umekwisha. Mpya ununuliwe, ule ulioandikwa kwamba ni wa gesi na wenye mwaka wa kutengenezwa, ufungwe kwa klipu za chuma za kukaza kwa bisibisi. Mpira wa bustani na waya wa kufungia mabati visikaribie kazi hii.

Linabaki jambo moja ambalo hushangaza wamiliki wapya. Jiko lililokaa miezi bila kutumika, tuseme kuanzia mvua za Novemba hadi Aprili, linawashwa siku ya kwanza ya kiangazi na moto unatoka upande mmoja tu, au unarudi nyuma na kuwaka karibu na vishikizo. Kosa mara nyingi ni la buibui. Wadudu hao hupenda kutaga ndani ya mirija ya vichomeo, na utando wao huzuia gesi isipite. Kabla ya moto wa kwanza wa msimu, vichomeo vifunguliwe, waya mwembamba wenye brashi upitishwe ndani ya kila mrija hadi mwisho, na vitundu vya juu visuguliwe kwa brashi ya chuma kwenda upande mmoja. Trei ya mafuta imwagwe na kuoshwa kwa maji ya moto, kwa sababu mafuta ya mwaka jana huwaka vizuri kuliko nyama ya mwaka huu. Kisha mpira upakwe povu, mfuniko ufunguliwe, moto uwashwe na kuachwa dakika 15 bila kitu juu yake, hadi moshi wa mabaki uishe na wavu uwe tayari kupokea nyama.